Safu, Nyota na Msonge: Kuchora Ruwaza kwa Kompyuta Baada ya Kubadili Toleo la Programu



  

Baadhi ya vijana waliosoma katika madrasa yetu sasa wako vyuo vya ufundi, na wengine wamo kwenye karakana za kuchomelea za Musoma, Bunda na Butiama. Siku hizi geti na grili za madirisha huweza kuchorwa kwanza kwenye kompyuta ndipo chuma kikatwe. Vijana hawa hutujia na swali linalojirudia: mchoro ulikuwa sawa, programu ikapandishwa toleo, na ulipofunguliwa tena vile vitu vilivyopangwa kwa kujirudia vikawa vimehama au vimepotea. Swali hili lingekuwa la mafundi peke yao, lau si kwamba baadhi ya michoro ni ya misikiti, na vinavyojirudia ndani yake ni mistari ya safu za Swala. Grili ikikosewa tunapoteza chuma. Safu zikikosewa, watu mia wanasimama wakiwa wameelekea kwingine, na huenda hakuna atakayejua mpaka aje mgeni mwenye dira.

Kwa hiyo tumeona jambo hili tulieleze hapa kwa kirefu, hata kwa wale ambao hawajawahi kugusa programu ya kuchora.

RUWAZA MAANA YAKE NINI

Ruwaza ni kitu kimoja kinachorudiwa kwa kanuni. Ukishuka ufukweni Musoma ukamtazama mvuvi anayeshona wavu, utaona kwamba hapimi kila tundu upya. Ana kipande cha ubao au cha plastiki kinachompa ukubwa wa tundu la kwanza, na mengine yote hufuata hilo. Wazee waliojenga nyumba za msonge katika nchi hii ya Mara walichomeka mti katikati, wakafunga kamba, wakazunguka nayo wakitia alama mahali pa kila nguzo. Na sisi wenyewe mara tano kwa siku tunajipanga safu nyuma ya safu, na Mtume (S.A.W.) alihimiza sana safu zinyooshwe.

Kwenye kompyuta mambo ni hayo hayo. Unachora kitu kimoja, ambacho hapa tutakiita mzazi, kisha unaipa programu kanuni: rudia mara ngapi, kwa kuelekea wapi, na kwa nafasi gani. Nakala zinazotokea si michoro inayojitegemea. Ni watoto wa yule mzazi, na ukimnenepesha mzazi watoto wote wananenepa. Fikra hii ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1963 huko Marekani, Ivan Sutherland alionyesha programu yake iitwayo Sketchpad, na tayari ndani yake ukibadili mchoro wa asili nakala zake zote zilibadilika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni aliyoianzisha Samuel Geisberg ikatoa Pro/ENGINEER, programu iliyoeneza viwandani uchoraji wa kutumia vigezo, yaani vipimo vyenye majina na uhusiano, ambavyo ukikibadili kimoja mchoro mzima hujijenga upya.

Basi shikeni mambo matatu: mzazi, kanuni, na kile ambacho kanuni imeegemea. Hilo la tatu ndilo husahauliwa, na ndilo litakalotushughulisha sana hapa.

PROGRAMU TUNAYOITUMIA

Mifano yetu ni ya programu iitwayo FreeCAD. Tumeichagua kwanza kwa sababu wenyewe wameruhusu kila mtu aitumie, ainakili na ampe mwenziwe bila malipo. Tunajua kwamba wapo wanaotumia programu za kulipiwa zilizofunguliwa kwa njia za wizi, na vijana wanadhani hilo ni jambo dogo kwa kuwa hakuna kitu kilichobebwa mkononi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi katika kikao chake cha tano, kilichofanyika Kuwait mwaka 1988, lilipitisha kwamba haki za watunzi na wavumbuzi zinalindwa na Sharia na haijuzu kuzivamia. Kama ipo ya halali inayofanya kazi, hatuoni sababu ya mtu kuchora msikiti kwa programu ya wizi.

Sababu ya pili ni kwamba mabadiliko yake yamegusa jambo letu moja kwa moja. FreeCAD ilianza kutolewa mwaka 2002, ikaenda miaka 22 kwa matoleo yaliyoanzia na sifuri, 0.20 mwaka 2022 na 0.21 mwaka 2023, mpaka Novemba 2024 ndipo likatoka toleo la 1.0. Wenye haraka wanaweza kujifunza subira hapo.

SAFU TISA, NAFASI NANE

Tuchukue ukumbi wa Swala wenye kina cha mita 12 kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma. Kila safu tunaipa sentimita 120, na mstari tunauchora pale zinaposimama nyayo. Mstari wa kwanza uko sentimita 120 kutoka ukuta wa mbele, ili watu wa safu ya kwanza wapate pa kusujudu. Imamu yeye yuko ndani ya mihirabu. Tunataka safu tisa. Mstari wa tisa utakuwa mita 10.8 kutoka mbele, na nyuma yake inabaki mita 1.2 ya kupita.

Sasa fungua ruwaza ya mstari. Programu inauliza idadi ya nakala, na hapo unaandika 9, kwa sababu mzazi mwenyewe anahesabiwa. Kisha inauliza urefu. Hapa ndipo wengi huandika 10.8, kwa kuwa ndicho kipimo walichonacho kichwani. Lakini programu haipimi kutoka ukutani. Inapima kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na mistari tisa ina nafasi nane tu katikati yake. Urefu sahihi ni 8 mara 1.2, yaani mita 9.6. Ukiandika 10.8 kompyuta haitalalamika. Itagawa kwa nane na kukupa safu za sentimita 135, na mstari wa tisa utagota ukuta wa nyuma.

Mwanafunzi wa darasa la nne anaijua hesabu hii akipewa nguzo za uzio. Akipewa kompyuta anaisahau.

Katika matoleo ya zamani njia ilikuwa hiyo moja, ya kutaja urefu wote. Toleo la 1.0 limeongeza njia ya pili: unataja nafasi kati ya nakala moja na inayofuata, nayo inajumlisha yenyewe. Kwa safu za msikiti tunaipendelea hii ya pili bila shaka yoyote, kwa sababu kipimo tunachokijali ni nafasi ya mtu mmoja kusujudu, si urefu wa jumla. Ukumbi ukirefushwa kesho unabadili idadi tu, na sentimita 120 inabaki 120. Ila ukiingia kwenye mchoro wa zamani kubadili njia, usitoke kabla ya kutazama namba iliyobaki kwenye kisanduku. Mita 9.6 iliyokuwa urefu wote ikisomwa kama nafasi, mstari wa pili utakuwa pale ulipokuwa wa mwisho, na mingine saba itakuwa nje uwanjani.

KUELEKEA WAPI?

Idadi na nafasi ni mambo mepesi. Mwelekeo ndio wenye uzito, na hapa msikiti hautofautiani na grili tu, unatofautiana na karibu kila jengo jingine.

Kutoka Musoma, Makka iko umbali wa takriban kilomita 2,600, na kibla chetu ni karibu nyuzi 14 mashariki ya kaskazini ya kweli. Bunda na Butiama tofauti haifiki hata nyuzi moja. Msikiti uliojengwa kuwa msikiti tangu msingi, ukuta wake wa mbele umekwisha kuelekezwa huko na mchoraji hana kazi. Lakini wengi wetu tumeswali katika nyumba ya kawaida iliyogeuzwa kuwa mahali pa Swala, na nyumba ya kawaida hufuata barabara.

Tuseme nyumba imenyooka kaskazini na kusini kabisa, na ukumbi una upana wa mita 8. Mistari ya safu lazima ikatize kibla kwa pembe mraba, kwa hiyo haitalingana na ukuta. Ncha yake ya magharibi itakuwa mbele kuliko ya mashariki kwa karibu mita 2. Hilo mtu analiona kwa macho na analizoea.

Asiloliona ni hili. Amechora mstari wa kwanza ukiwa umelala vizuri kwa nyuzi 14, akaiambia programu irudie kila sentimita 120, lakini mwelekeo wa kurudia akauchagua kwa kubofya ukingo wa ukuta wa pembeni. Mistari yote itaelekea kibla kweli, kwa kuwa ni watoto wa mzazi mmoja. Ila nafasi ilipimwa kando ya ukuta, si kando ya kibla, na kati ya mstari na mstari imebaki sentimita 116 na nukta nne tu. Sentimita tatu na nusu ni kidogo. Katika nafasi nane zinakuwa sentimita 28, na anayesujudu katika safu iliyobanwa ndiye anayejua kichwa chake kinafika wapi.

Na huo ukingo wa ukuta una hatari nyingine.

MWANAFUNZI NAMBA SABA

Programu inapojenga umbo, kila uso na kila ukingo huupa namba: uso wa 1, uso wa 2, ukingo wa 12, na kadhalika. Unapobofya ukingo wa ukuta uwe mwelekeo wa ruwaza yako, katika matoleo ya zamani programu iliandika moyoni mwake "ukingo wa 12", basi.

Fikirieni daftari la mahudhurio lililopangwa kwa alifabeti. Halima ni namba saba. Ustadhi anamwandikia mzazi wake barua, na juu ya bahasha anaandika "mzazi wa namba saba". Kabla barua haijapelekwa anaandikishwa mwanafunzi mpya, Abdallah, naye anaingia namba moja. Halima amekuwa wa nane. Barua inafika salama kabisa, kwa mtu mwingine.

Ndivyo ilivyotokea kwenye michoro. Unaongeza mlango wa akina mama upande wa kusini, au unakata dirisha, nyuso na kingo zinahesabiwa upya, na ukingo wa 12 sasa ni kizingiti cha mlango. Ruwaza inamfuata namba 12 wake kwa utiifu. Akiwa amegeuka nyuzi 90 utamshtukia papo hapo. Lakini ukuta wa kiraka ulioungwa nyuzi 5 kando ya ule wa zamani hautaushtukia kwenye kioo cha kompyuta, na katika ukumbi wa upana wa mita 12 mstari uliopotoka nyuzi 5 unakwenda kombo sentimita 105, karibu safu nzima. Je, kupotoka kiasi gani kunaathiri Swala? Hilo ni la fiqhi, na waulizwe masheikh. Sisi tunazungumzia mchoro, na mchoro hauna udhuru.

Udhaifu huu wa namba uliwasumbua watumiaji wa FreeCAD kwa miaka mingi. Mtaalamu aitwaye Zheng Lei alitengeneza njia ya kuutibu, na kazi hiyo ikaja kuingizwa katika toleo la 1.0. Njia yenyewe mwanafunzi wa madrasa ataielewa upesi kuliko mwingine. Badala ya namba tupu, kila uso na ukingo hupewa jina linalobeba historia yake: umetokana na mstari gani wa mchoro gani, kwa kazi gani, ukakatwa na nini. Ni kama kumtaja mtu kwa nasaba yake. Halima binti fulani bin fulani atabaki huyo huyo, waandikishwe akina Abdallah wangapi.

Watengenezaji wenyewe wamesema tatizo limepunguzwa, hawakusema limekwisha. Kama ukuta wenyewe umevunjwa na kujengwa upya mahali pengine, hakuna nasaba itakayomrudisha.

TOLEO LINAPOBADILIKA

Mchoro uliotengenezwa katika 0.21 ukifunguliwa katika 1.0 unabidi ukokotolewe upya ili majina haya mapya yapatikane. Katika kukokotoa huko kila ruwaza inaulizwa tena: mzazi wako nani, umeegemea nini? Iliyoegemea kitu imara inajibu na kuendelea. Iliyokuwa ikiponea bahati, yaani namba yake ilikuwa bado haijahama, huenda ndipo inapoumbuka. Pengine itaonyesha alama nyekundu ya mshangao kwenye orodha ya kazi, na alama hiyo vijana wanaiogopa bure. Ni rehema, kwa sababu imekuonyesha mahali. Ya kuogopwa ni ile isiyoonyesha kitu.

Dawa haiko kwenye toleo, iko kwenye namna ya kuchora. Usiegemeze ruwaza kwenye ukuta. Kila umbo ndani ya programu lina mihimili mitatu ya asili, ambayo haihesabiwi upya na haikatwi na mlango wowote. Katika kisanduku cha mwelekeo, mihimili hiyo imo kwenye orodha, pamoja na mihimili ya mchoro wa mzazi. Chagua huo.

Sisi tunakwenda mbele zaidi. Katika mchoro wa mahali pa Swala tunashauri mhimili wa wima wa karatasi uwe kibla chenyewe, kisha kuta za nyumba ndizo zichorwe zikiwa zimeinama nyuzi 14. Fundi akiona mara ya kwanza atasema nyumba imelala. Mwache aseme. Mtu akiongeza mlango, akabomoa ukuta, akabadili toleo mara tatu, safu zitabaki pale pale, kwa kuwa hazijawahi kuuliza ukuta uko wapi. Wanaosoma elimu ya Hadithi watakumbuka jinsi isnadi inavyotazamwa kiungo kwa kiungo, na kimoja tu dhaifu kinavyoshusha daraja la riwaya nzima. Kabla hujaiamini ruwaza, fuata mnyororo wake mpaka mwisho uone umeishia kwenye nini.

RUWAZA YA DUARA

Ya duara ina kanuni zake, na nyingine ni za kufurahisha. Chukueni nyota ya pembe nane, ambayo mafundi wa Kiislamu wameitumia karne kwa karne katika mbao, vigae na chuma. Si kitu kigeni kwetu Afrika Mashariki kucheza na pembenane: huko Kilwa Kisiwani, katika kasri la Husuni Kubwa la karne ya 14, kuna birika la kuogea lenye pande nane. Na Abu al-Wafa al-Buzjani, mwanahisabati aliyezaliwa mwaka 940 na kufanya kazi Baghdad, aliandika kitabu kizima kuhusu jometri ambayo fundi anaihitaji. Wanavyuoni wakubwa hawakuona haya kuwaandikia maseremala.

Nyota hii ni miraba miwili inayolingana, wa pili umegeuzwa nyuzi 45 juu ya wa kwanza. Basi kwenye kompyuta unachora mraba mmoja, unafungua ruwaza ya duara, na kutaka nakala 2 zilizopishana kwa nyuzi 45. Tumewaona vijana wakiandika nakala 8 katika nyuzi 360. Nyota inatokea, kweli, lakini mraba ukigeuzwa nyuzi 90 unajilalia wenyewe, hivyo miraba minane imelaliana minne minne mahali pamoja. Kompyuta imefanya kazi mara nne kwa matokeo yale yale, na mashine ya kukatia chuma ikipewa mchoro huo inaweza kupita njia moja mara nne.

Kwa anayekata vyuma bapa kwa mkono, mraba ukiwa na upande wa milimita 600, kila upande unakatizwa na mwenzake katika vipande vya takriban milimita 176, 248 na 176. Hapo ndipo pa kuchomelea.

Angalieni pia tofauti ya duara zima na nusu. Ukitaka miale 8 katika nyuzi 360, programu inajua kwamba mwisho na mwanzo ni mahali pamoja, na inagawa kwa 8, ikakupa nyuzi 45. Lakini katika tao la juu ya mlango, nyuzi 180, mwale wa kwanza na wa mwisho hawakutani, na hapo inagawa kwa idadi pungufu moja. Miale 9 itapishana kwa nyuzi 22 na nusu. Ni ile hesabu ya safu tisa na nafasi nane imerudi.

Msonge unaziunganisha hesabu hizi zote mbili. Tuseme kipenyo ni mita 4 na mzunguko mzima ungebeba nguzo 20, kila moja nyuzi 18 kutoka jirani yake, yaani sentimita 63 hivi. Lakini nyumba inataka mlango, na ruwaza ya FreeCAD katika toleo la 1.0 haina mahali pa kusema "ruka nguzo moja". Basi unataka nguzo 19 tu, na kwa kuwa 19 zina nafasi 18, unaandika nyuzi 324. Zilizobaki ni 36, na huo ni mlango wa karibu sentimita 124. Wazee walifanya hivyo kwa kamba, kisha wakang'oa mti mmoja.

Na kama nguzo zako hazigusani wala hazijasimama juu ya sakafu moja, matoleo ya zamani yangezikataa, kwa kuwa yalidai mwili mmoja ulioshikamana. Toleo la 1.0 lina mahali pa kuruhusu vipande vilivyoachana. Ikiwa mchoro wako wa zamani unakataa bado, angalia kama ruhusa hiyo imewashwa kwenye mwili huo.

KABLA YA KUPAKA RANGI

Unapopandisha toleo, usifungue mchoro wa pekee ulionao. Nakili faili kwanza, na nakala ya zamani ikae kwenye flashi bila kuguswa, kwa sababu faili ukishaihifadhi katika toleo jipya si hakika kwamba la zamani litaisoma ilivyo. Kijana wa Musoma akipandisha toleo na mwenzake wa Bunda akabaki na la zamani, waafikiane kabla ya kutumiana kazi.

Ukiwa bado kwenye toleo la zamani, chapa mchoro kwenye karatasi na uandike kwa kalamu vipimo vitatu: idadi ya mistari, umbali kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na pembe kati ya mstari na ukuta mmoja unaoujua. Fungua katika toleo jipya, kokotoa yote, kisha pima vile vile vitatu. Kwa ukumbi wetu ni 9, mita 9.6 na nyuzi 14. Kimoja kikikataa, usitafute makosa kwenye mistari. Nenda kwa mzazi, kisha kwa kile anachokiegemea. Mara nyingi inatosha kufungua ruwaza na kumchagulia mwelekeo upya kutoka mihimili ya asili.

Halafu kuna sakafu yenyewe, ambayo haijui habari za kompyuta. Kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei na tena 15 au 16 Julai, jua hupita juu ya Al-Kaaba kabisa, na saa zetu za Tanzania ni sawa na za Makka. Mwezi Mei ni saa 6 na dakika 18 mchana, mwezi Julai ni saa 6 na dakika 27. Simamisha fimbo ya mita 2 iliyonyooka kwa timazi uwanjani mwa msikiti, na dakika hiyo tia alama kwenye ncha ya kivuli. Kwa hapa Musoma kitakuwa na urefu wa sentimita 88 hivi. Mstari kutoka ncha ya kivuli kurudi kwenye shina la fimbo unaelekea kibla. Vuta kamba kutoka hapo kuingia ndani, linganisha na mchoro, ndipo umwite mpaka rangi.